Dini na serikali Ufaransa: sio 1789, ni 1905

Hapana ndugu, umesema dini na serikali zilitengana kwenye mapinduzi ya 1789 lakini mambo yalikwenda taratibu sana. 1790 mapadri waligeuzwa kuwa watumishi wa serikali kabisa, halafu 1801 Napoleon akakubaliana na Papa na serikali ikarudi kuwalipa mishahara karne nzima, mpaka ilipokuja sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ndo ikakata, dola haitambui wala hailipi dini yoyote. Na hata hapo Alsace na Moselle, sehemu za mashariki mwa Ufaransa, hazikuguswa maana wakati ule zilikuwa chini ya Ujerumani, ziliporudi Ufaransa zikabaki na utaratibu wa zamani, mpaka leo mapadri, wachungaji na marabi wa huko wanalipwa na serikali. Watu wengi hawalijui hili kabisa.