Jibu: Udikteta, uimla na mabavu

Ndugu yangu, umeuliza kama udikteta, uimla na utawala wa mabavu ni kitu kimoja. Maneno mawili ya kwanza, ndiyo. Udikteta tumeutohoa tu, lakini uimla una utamu wake: imla ni lile zoezi la darasani, mwalimu anasoma, nyie mnaandika alichosema, hakuna kubishana. Mtawala wa kiimla ndiye huyo mwalimu, na daftari ni nchi nzima.

Mabavu ni habari nyingine. Hapo inatajwa njia, yaani nguvu. Idi Amin aliingia kwa mapinduzi Januari 1971 akatawala kwa amri, kwa hiyo yote matatu yanamkaa. Watanzania wakati wa Vita vya Kagera walimwita nduli, ila hilo ni la kumlaani muuaji, si jina la mfumo.

Chama kimoja je? Usikimbilie kusema udikteta. Tanzania ilikuwa nacho kisheria 1965 hadi 1992, na bado wagombea wawili wa chama kilekile walishindania ubunge. Mie huandika "utawala wa chama kimoja", basi, msomaji aamue mwenyewe.