Jibu: Deni la kadi ya mkopo halishuki
Ndugu, umeuliza kwa nini deni lako la dola 3,000 halishuki ilhali unalipa 75 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, karibu 60 zinamezwa na riba. Deni lenyewe linapungua 15 tu! Ifungie hiyo kadi kabatini, maana ukiwa na deni la nyuma, hata mkate wa leo kwa kawaida unaanza kutozwa riba leo leo. Na usingoje tarehe ya mwisho: huku Marekani riba nyingi huhesabiwa kila siku, mshahara ukiingia tu lipa. Wapigie simu pia benki waliokupa kadi, uombe wapunguze riba. Mimi walinikatalia, nikapiga tena mwezi uliofuata, wakashusha kutoka 26 hadi 21. Kadi za kuhamishia deni kwa asilimia 0 zipo, ila soma ada yake, mara nyingi asilimia 3 hadi 5.