Jibu: Huyo ni bweha masikio, si mtoto wa bweha

Salaam ndugu. Umeuliza kama mnyama mdogo uliyempiga picha jioni pale Ndutu, kusini mwa Serengeti, ni mtoto wa bweha. Anza na miguu: kwenye picha yako ni myeusi sehemu ya chini, na usoni kuna weusi kama barakoa. Basi ni bweha masikio. Bweha miraba, yule mwenye mistari ubavuni, kwa kawaida ana ncha nyeupe mkiani. Huyu yake ni nyeusi. Mzima wake ana kilo 3 hadi 5 tu, ndiyo maana wengi hukosea, lakini masikio hufikia sentimita 13.

Nususpishi (kundi dogo ndani ya spishi) ya kwetu ni Otocyon megalotis virgatus, iliyoelezwa na mtaalamu wa wanyama Miller mwaka 1909 kwa kielelezo (mnyama wa mfano) cha Naivasha, Kenya. Inaanzia Ethiopia na Sudan Kusini hadi Tanzania. Wenzake wa kusini mwa Afrika wako mbali, pengo la kama kilomita 1,000. Kwa picha peke yake siwezi kuwatofautisha; mahali ndipo panapoamua, kwa hiyo andika mahali kila unapoweka picha.

Ukirudi, tafuta nyasi fupi zenye mchwa. Utamkuta ameinamisha kichwa, masikio yakielekea ardhini. Ukikuta fuvu, liache hapo ila hesabu meno: 46 hadi 50, wakati bweha wengine wana 42.