Mjomba wa Sinema: Ufagio Hukuusikia?

Toleo lililopita niliahidi kwamba likizo yangu yote itaishia mbele ya skrini, na ahadi nimeitimiza mpaka macho yakawa mekundu. Nanyi mmeniletea barua, nyingine za kunishambulia, sawa tu. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: kazi yangu ya kila siku ni kuandika manukuu, yale maneno yanayopita chini ya picha. Herufi 42 kwa mstari, mistari 2, basi. Ukizidisha, mtazamaji anabaki anasoma na mwigizaji ameshatoka chumbani. Kazi hii imeniachia ugonjwa: filamu naisikiliza kwanza, kuitazama baadaye. Na onyo la kudumu: humu miisho inasimuliwa. Asiyetaka kuharibiwa utamu afunue ukurasa mwingine.

Shikamoo Mjomba. Katika zote ulizotazama, ni ipi iliyokuganda kichwani? Usinipe kumi, nipe moja. – Mvivu wa Kuchagua

Marahaba. Moja: The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya mwaka 2023. Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, kambi ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi, anaishi na mkewe na watoto katika nyumba yenye bustani nzuri, na ukuta wa bustani hiyo ndio ukuta wa kambi. Mauaji hatuonyeshwi hata mara moja. Tunaonyeshwa maua, kibwawa cha watoto, nguo zikianikwa. Ng'ambo ya ukuta tunasikia tu: mlio wa risasi, mbwa, mtu anapiga ukelele unaokatika ghafla, na chini ya vyote mngurumo usiokoma, kama wa tanuri. Johnnie Burn, fundi wa sauti hizo, kabla ya kazi aliandaa jalada la utafiti la kurasa 600, la mambo yaliyotokea kambini na jinsi ambavyo yangesikika kutoka umbali ule.

Kuna tukio nimelirudia mara nne. Mke wa kamanda ameletewa koti la manyoya. Anajifungia chumbani, analivaa, anajigeuza mbele ya kioo, anatia mkono mfukoni. Anakuta rangi ya midomo ya mwenye koti. Anaijaribu mdomoni. Hakuna muziki wa kukwambia usikie nini moyoni.

Sasa nikueleze kilichoniganda. Usiku mmoja, bila kutumwa na mtu, nilijaribu kuiandikia manukuu ya wasiosikia. Manukuu hayo huwa na zaidi ya mazungumzo. Mlango ukigongwa, tunaandika kwamba mlango unagongwa. Nikafika pale yule mke anapomtembeza mama yake bustanini. Nikaandika: "mlio wa risasi kwa mbali." Nikaufuta. Maana mke yule hakugeuza hata shingo, anaendelea kutaja maua yake, na filamu nzima imesimama juu ya shingo hiyo isiyogeuka. Nikiandika, ni kama nimemshika mtazamaji bega na kumwambia "geuka". Nisipoandika, asiyesikia anabaki na filamu ya familia yenye bustani. Nikauandika tena. Nikaufuta tena. Mwishowe niliuacha, na mpaka leo sijaridhika nao. Filamu nyingine zote za likizo sikupata nazo tabu ya namna hiyo.

Mjomba, ile Perfect Days uliyoisifu ilinilaza. Mzee anaamka, anasafisha vyoo, analala, anaamka, anasafisha vyoo. Mimi ni mjinga au nyie wasifiaji mnajifanya? – Mwenye Usingizi

Wewe si mjinga, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nilisinzia kwenye The Brutalist, filamu ya dakika 215 ukihesabu na mapumziko ya dakika 15 yaliyomo ndani yake. Mapumziko ndiyo niliyoyatazama kwa macho makavu, saa ikihesabu kurudi nyuma juu ya picha ya harusi. Niliporudi kwenye hadithi, kichwa kikaanguka. Mwigizaji wake mkuu, Adrien Brody, alipata Oscar. Mimi nilipata shingo ya kuuma.

Ila nikuulize: ufagio hukuusikia? Hirayama, mzee wa Perfect Days, haamshwi na kengele. Kila alfajiri kuna mwanamke barabarani anafagia, na mchakacho wa ufagio ule ndio unaomfumbua macho. Saa moja ya kwanza mzee karibu hasemi neno. Anasemewa na ufagio, na maji, na kanda za kaseti anazozisukuma kwenye redio ya gari. Mwongozaji, Wim Wenders, awali alialikwa atengeneze filamu fupi fupi kuhusu mradi wa vyoo 17 vya umma huko Shibuya, Tokyo, na kwenye matangazo hayo ya vyoo akaona mtu. Koji Yakusho, anayemwigiza mzee, kazi hiyo ilimpa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023, na ukitaka kujua kwa nini, ruka kote huko ulikolala, nenda dakika za mwisho. Anaendesha gari, jua linamwangaza usoni, Nina Simone anaimba, na uso huohuo mmoja unacheka, unalia, unacheka tena, kamera haiondoki. Mistari ya kuandika pale: sifuri.

Lakini kama mwili umechoka, usiitazame usiku. Hilo nakubaliana nawe.

Mwanangu ana miaka sita. Flow inamfaa? Nimeambiwa hamna maneno kabisa. – Mama Paka

Inamfaa, dada, ila kaa naye. Paka anakimbia mafuriko, anaishia kwenye mashua pamoja na kapibara (mnyama wa jamii ya panya, mkubwa kama mbwa), mbwa, lemuri na ndege mmoja mwenye maringo. Dakika 85, neno hata moja hakuna, na mtoto hataliulizia. Wanaouliza ni watu wazima. Mwongozaji ni Gints Zilbalodis wa Latvia, na picha zote zimetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Mwaka 2025 ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni. Sauti za wanyama ni za wanyama kweli, ila kapibara hakupewa ya kwake: sauti yake halisi ni nyembamba mno kwa mwili ule, hivyo wakamwazimia sauti ya ndama wa ngamia. Mimi nilicheka nilipojua.

Jiandae kwa swali la ndege. Kuna mahali anapaa kuelekea kwenye mwanga na harudi. Mpwa wangu aliniuliza amekwenda wapi, nikamwambia twende tukanywe maji.

Mjomba, tumekosana nyumbani kwa ajili ya Anatomy of a Fall. Mume wangu anasema yule mwanamke alimsukuma mumewe akafa, mimi nasema mume alijirusha mwenyewe. Tukate shauri. – Shahidi wa Upande wa Mke

Bibie, mwongozaji mwenyewe, Justine Triet, hakukata. Sandra Hüller, anayeigiza mke, alimuuliza kama mhusika wake ameua. Akaambiwa amwigize kama mtu asiye na hatia. Akaambiwa amwigize hivyo tu. Kama ni hivyo kweli hakuambiwa. Nawe unataka mimi niseme?

Nitakwambia nilichokisikia. Mke ni Mjerumani, mume alikuwa Mfaransa, na ndani ya nyumba wanazungumza Kiingereza, lugha isiyo ya yeyote kati yao, kama watu waliokubaliana kugombana kwenye uwanja wa jirani. Mahakamani mke anajitahidi kwa Kifaransa, kisha anaomba kuhamia Kiingereza ili aweze kujitetea. Katika manukuu haya yote yanapotea! Kifaransa kinageuka Kiswahili, Kiingereza kinageuka Kiswahili, mtazamaji anaona mwanamke mmoja anayejieleza vizuri mwanzo mpaka mwisho, kumbe mwenzetu alikuwa anatafuta maneno gizani. Huenda mumeo alisoma manukuu na wewe ukasikiliza. Au kinyume chake.

Mkiitazama tena, subirini ile kanda ya ugomvi inayochezwa mahakamani. Mwanzoni tunaonyeshwa ugomvi wenyewe, jikoni, wawili wakirushiana maneno. Mara glasi inavunjika, mambo yanageuka ya mikono, na palepale picha inaturudisha mahakamani: nyuso za watu wamekaa wanasikiliza. Makofi tunayasikia, nani anampiga nani hatuoni. Triet ametuweka pamoja na majaji, kipofu mmoja kwa mwenzake. Hapo ndipo kila mtu huchagua upande wake, na nadhani ndipo nyinyi wawili mlipoachana.

Wewe Mjomba unapenda filamu za watu wanaonyamaza. Filamu za kishindo unazionea. Oppenheimer imechukua Oscar 7, uliipa mistari miwili! – Shabiki wa Bomu

Nilikosea kuipa miwili, naongeza. Jaribio la bomu la atomiki ndani ya Oppenheimer, filamu ya mwanasayansi aliyeongoza kulitengeneza, ni ukimya bora kuliko ukimya wowote niliousikia likizo hii. Mwanga unalipuka, na sauti haiji. Tunasikia pumzi za watu tu. Christopher Nolan hajabuni hapo, ni fizikia: mwanga unafika papo hapo, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, na aliyekuwa kilomita 16 kutoka kwenye mnara wa bomu alikuwa na robo tatu za dakika za kutazama moto bubu. Halafu kishindo kinakuja, wakati ulishaanza kukisahau, na kinakutoa kwenye kiti.

Zaidi ya hapo kuna miguu. Tangu mapema kuna kishindo cha miguu kinaingia na kutoka kichwani mwa Oppenheimer, hujui cha wapi. Baada ya Hiroshima ndipo unaonyeshwa: ni watu wa kambi yake wenyewe, wamekaa ukumbini, wanapigapiga miguu sakafuni kumshangilia. Hapo nilivua kofia.

Lawama yangu iko palepale: muziki haumwachi mtu ajisikilizie. Watu wawili wanasalimiana kwenye korido, chini yake fidla zinakimbia kana kwamba bomu jingine liko kwenye ndoo ya taka. Na saa ile ya mwisho ya vikao vya mahojiano niliona majina mengi kuliko nyuso. Kwenye Oscar za mwaka 2024, kati ya tuzo ilizozikosa ni ya sauti. Aliyeichukua ni nani? Ile filamu ya bustani niliyoisema juu. Mimi sisemi kitu.

Na kishindo nakipenda kikiwa na mtu ndani yake. Tazama Godzilla Minus One. Watu 35 tu ndio waliotengeneza picha zote 610 za madoido, wakiongozwa na mwongozaji mwenyewe, Takashi Yamazaki, na wakachukua Oscar mbele ya wenye mafungu makubwa. Lakini ninayemkumbuka ni yule rubani aliyetumwa kufa vitani akasingizia ndege ni mbovu. Dubwana linanguruma, naye anaona aibu. Vyote viwili nilivisikia.

Vuta N'Kuvute: kitabu au filamu? – Mwanafunzi wa Zamani

Kitabu, kwa sababu ya lugha. Shafi Adam Shafi anaandika mazungumzo ambayo ukiyasoma kwa sauti yanakaa sawa kinywani bila kuguswa. Filamu ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, imepunguza mengi na ikachagua kutazama: nuru, vichochoro, uso wa Yasmini. Kuna wakati nilitamani waseme zaidi, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jambo moja la kikazi. Kwa Kiingereza imeitwa Tug of War, yaani ule mchezo wa kamba. Jina zuri, halina kosa. Ila sikiliza la kwetu: vuta, nikuvute. Hamna kamba. Kuna watu wawili, na mmoja anamwambia mwenzake maneno. Mara moja Kiswahili kimeingia kwenye herufi chache na Kiingereza ndicho kilichopoteza kitu, nikafurahi kama niliyelipwa deni.

Swali dogo Mjomba. Kwenye hiyo filamu ya kesi, Anatomy of a Fall, yule mbwa aliyelishwa aspirini walimpa dawa kweli? Nilishindwa kuendelea. – Mfuga Mbwa

Hapana, tulia. Macho yaliyogeuka, ulimi uliolegea, kichwa kinachobebwa kama kiroba, yote ni uigizaji. Anaitwa Messi, ni koli wa aina ya kuchunga kondoo, na alifundishwa tukio hilo kwa muda mrefu na mwalimu wake. Cannes kuna tuzo ya mbwa, ya utani lakini ipo, na mwaka 2023 aliichukua yeye. Rudi umalizie. Anaamka.