Shangazi, Tanga kuna nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Dodoma. Tumedunduliza fedha ili likizo ya mwezi wa sita tuwapeleke watoto wetu wawili pwani. Nataka Tanga, lakini mume wangu anasema Tanga imelala, tukaoge bahari Dar es Salaam turudi. Siku tano zitatosha? Na tutakula nini, maana watoto hawa wamekulia mlenda?
Mama wa Wawili, Kizota

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimezaliwa Muheza, nikaolewa Dodoma, kwa hiyo swali lako limenigusa. Nendeni Tanga, ila msikimbilie ufukweni. Shukeni Muheza mpande kwanza Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki.

Sababu yangu ni maji. Wanao wanaijua mito ya kwetu huku: mvua ikikatika mwezi wa nne, unabaki mchanga, na watu wanachimba visima humohumo mtoni. Dodoma hatufikishi milimita 600 za mvua kwa mwaka, Amani wanakaribia 2,000. Wapeleke wakasimame kando ya mto Zigi unaotiririka kiangazi na masika. Waambie maji hayo yanashuka hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo wanayokunywa watu wa jiji la Tanga. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake, ukimwambia asikate mti hahitaji hotuba.

Pale Zigi, kwenye lango la hifadhi, kuna nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani, ambao walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902. Chukueni mwongozaji. Atawaonyesha mbega, vinyonga, iliki na pilipili manga shambani, na yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu huyapanda kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni miamba ya hukohuko Usambara. Bebeni masweta: baridi ya Amani ni ya unyevu, si ya upepo mkavu kama yetu. Barabara ya kupanda ni mbovu, hasa ikinyesha. Laleni huko usiku mmoja, ikiwezekana miwili.

Mkishuka, kuleni machungwa ya Muheza, ndio msimu wake. Kisha Tanga mjini. Mapango ya Amboni ni nusu siku tu. Wewe mwalimu usikose barabara ya Pangani: Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, upande huohuo wa kusini mwa mji, mwaka 1909. Mbele kidogo ni Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi yenye minara, kazi ya Waswahili wa karne nyingi kabla ya mkoloni. Mume wako akasimame pale ndipo aniambie Tanga imelala! Mkiingia vijijini, salimieni kwanza, na jifungeni kanga.

Chakula kisikutie hofu. Aliyezoea mlenda atakipenda kisamvu cha nazi, kwani naye anataka mboga laini ya kutelezea ugali. Waombe bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa kupaka: samaki aliyechomwa juu ya mkaa, akapakwa tui zito lenye ndimu na pilipili. Asubuhi, mkate wa kumimina kwa chai. Jioni baba ajaribu supu ya pweza. Ningekushauri mle kwa mama lishe kuliko hotelini; nazi yao hukunwa siku ileile.

Mabasi ya Tanga ulizia stendi kuu ya Nanenane. Njia ni Morogoro, Chalinze, Segera, halafu Muheza, safari ya kutwa nzima, kwa hiyo kateni tiketi za alfajiri. Kama mna mwenyeji, mpelekeeni mafuta ya alizeti na karanga. Zabibu ziacheni, zitapondeka njiani.