Drili ya kusimama ya mtumba: tikisa chaki kwanza
Kaka, kabla hujalipia hiyo drili ya kusimama uliyoiona sokoni Mwanjelwa, Mbeya, shika chaki, yaani kile kishikio cha biti, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, huenda beringi zimekwisha. Hizo zinabadilishika, tumia hiyo kuomba punguzo. Kisha iwashe utazame ncha ya biti iliyonyooka: ikiyumba hata ukibadilisha chaki, huenda mhimili unaozungusha chaki umepinda, achana nayo. Soma na kibao cha mota, kwa sababu mota ya umeme wa fezi tatu haitakufaa kama karakana yako ina fezi moja. Rangi mpya isikudanganye.

Ukishainunua, weka mkanda mpya na uhamishie kwenye puli za mwendo mdogo. Biti ya milimita 12 kwenye chuma laini inataka mizunguko kama 600 kwa dakika. Wengi wanaikimbiza kama wanatoboa mbao, biti inaungua, lawama zote kwa muuzaji!