Kumficha Mtu wa Mombasa Nyahururu

Juzi baada ya isha niliingiwa na ujumbe wa msomaji wa Malindi. "Bi mkubwa, riwaya yako nimeimaliza kwa siku mbili, mume wangu kanuna. Na mimi naandika ya mapenzi ya shahidi aliyefichwa na serikali. Nipe siri." Kwanza, mimi si bi mkubwa, nina miaka 41. Pili, siri sina. Nina aibu ya miaka sita, na hiyo nakupa yote.

Muswada wa kwanza niliumaliza kwa miezi mitano nikajiona nimefika. Zaina, karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anamwona mkubwa wake akimuua dereva. Sura ya tatu yuko Nyahururu na jina jipya. Sura ya nne ashampenda daktari wa mifugo mwenye kifua kipana. Kuanzia sura ya saba ni risasi tu. Nikaupeleka Nairobi kwa mhariri mmoja, simtaji, naye akakaa nao miezi 11 kisha akanirudishia na sentensi moja ya penseli pembeni: "Huyu mwanamke angekufa wiki ya kwanza."

Basi la usiku nililia mpaka Mtito Andei. Pale tuliposimama kunywa chai abiria mwenzangu aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamjibu, Zaina.

Na yule mhariri alisema kweli, ndiyo maana sijamsamehe.

Maana mtoto wa Kibokoni, Mombasa, aliyezaliwa akisema "mato" kwa macho na "mtele" kwa mchele, nilimpandisha kwenye baridi ya Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, nikambadilisha jina nikamwachia ulimi. Siku ya kwanza sokoni, akishauliza bei ya mtele tu, muuza duka ashajua huyu ametoka pwani, na jioni ameshapewa jina la utani. Kisha akutane na mzee mmoja wa kwetu aliyehamia huko kwa biashara. Mzee wa kwetu jina lako halimshughulishi. Atakuuliza wewe ni wa nani, mama yako ni yupi, mwakaa mtaa gani, na kabla chai haijapoa ameshafika kwa babu yako. Vitambulisho hivyo serikali gani itakuchapishia?

Mwaka wa tatu na wa nne nauruka, nilikuwa nikiuza leso.

Niliporudi kwenye muswada nilianza kusoma sheria. Wenzangu katika kikundi chetu cha waandishi walinicheka, mmoja akaniita wakili wa mapenzi. Leo yeye ndiye wa kwanza kunipigia simu akiomba nakala ya bure. Sheria yetu ya Kenya ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa 2006, ikaanza kutumika 2008, na marekebisho ya 2010 yakaitoa kazi hiyo mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, likaundwa shirika linalojitegemea. Miaka hiyo haikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni masharti. Shahidi hasombwi usiku kama furushi. Hutia saini makubaliano, na kabla ya hapo hutakiwa kueleza mambo yake: kesi alizo nazo, amri za mahakama, madeni.

Madeni! Niliruka kitini. Zaina wangu alikuwa ameshapokea fungu lake la chama, kile cha wanawake kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, wenzake kumi bado wanangoja zao. Umewahi kuwakimbia wanawake wa chama? Muuaji atachoka, wao hawachoki. Sura mbili bora za kitabu zimetoka hapo, na hakuna risasi hata moja ndani yake.

Halafu nikasoma habari za Marekani, ambako mpango huu ulitokana na sheria ya 1970. Wameshalinda zaidi ya watu 19,000, mashahidi pamoja na jamaa zao, na maofisa wanaowalinda hujivunia kwamba hakuna aliyefuata masharti akauawa. Soma tena, dada. Aliyefuata masharti. Kumbe miaka yote nilikuwa nikimtafuta adui nje ya dirisha, na adui ni Zaina mwenyewe siku ya Idi, ameshika simu, anataka tu kusikia sauti ya mamake. Nikafuta mapigano saba. Nikaacha simu.

Na mapenzi? Sheria ya Australia ya 1994 ina kifungu kuhusu ndoa ya shahidi aliyepewa utambulisho mpya, kwamba haruhusiwi kuoa au kuolewa mpaka athibitishe hana ndoa nyingine. Usiku ule sikulala. Zaina nilikuwa nimemwachia mume Mombasa na nikamsahau kabisa, kama vile kubadilisha jina ni talaka.

Kwa hiyo ushauri wangu: someni sheria. Mnaona kuzama kwenye makaratasi ni kazi ya mawakili, mwataka busu na bastola, mkishachapisha mwalalamika wasomaji hawanunui. Someni. Msichote kutoka kwenye filamu za watu ambao hata chama hawakijui. Nchi hii imeshuhudia kesi kubwa zikivunjika huko The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huku mashahidi wakijiondoa au wakigeuza maneno, na hayo tuliyajadili kila baraza, kila kinyozi. Kisha mtu anaketi kuandika shahidi anayevaa miwani myeusi na kula hotelini! Muwe na haya kidogo. Na someni sheria, nimesema.

Kuna ukurasa mmoja tu ambao sikuupata kwenye sheria yoyote. Zaina ana homa, usiku kucha amepayuka kwa Kimvita, Kiswahili cha kwao Mombasa, daktari wa mifugo amekaa naye na kitambaa cha maji. Asubuhi hamwulizi lolote. Anavaa koti, anachukua kikapu, anasimama mlangoni: "Mtele umekwisha. Ninunue kilo ngapi?" Mtu wa Nyahururu, mtele. Zaina hajui akimbie au amkumbatie, kwa sababu huyu ama amempenda kwa muda mrefu bila kumdai jina, ama ametumwa. Nimeuandika mara 14.

Wewe wa Malindi, nitumie kurasa kumi. Zile za mwanzo kaa nazo, nitumie za pale wanapolala nyumba moja kwa mara ya kwanza, nione anaitwaje gizani. Na mumeo mwambie samahani.